Tofauti Zilizomo Katika Mmea Mmoja

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu, Nyamisangura, Tarime



Barua ya kamati ilinitaka nizungumze juu ya "Vijana na Bangi". Niliisoma mara mbili, nikaona kwamba hotuba ya jina hilo tulikwisha kuisikia zamani, na haikutusaidia. Kwa hiyo nimeomba ruhusa niigeuze kidogo. Nitazungumza juu ya vitu vilivyomo ndani ya mmea wenyewe: kwamba si kitu kimoja, kwamba havifanyi kazi moja, na kwamba kutojua tofauti zake kumekwisha kutuletea hasara sisi wenyewe. Katika hasara hiyo na mimi nina fungu langu, nalo nitalieleza.

Kwa wale wasionifahamu, nilimaliza kidato cha nne mwaka 1979, kisha nikasomea ufamasia, na kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka kustaafu.

Kila mtu wa Tarime aliyesafiri anajua utani unaotungoja huko mbele. Ukisema katika basi kwamba kwenu ni Tarime, jirani yako hutabasamu, kisha huweka vidole viwili mdomoni kana kwamba ameshika msokoto. Sisi tunaijua Tarime ya migomba, ya kahawa, ya mahindi na ng'ombe; lakini hatuwezi kukana kwamba katika bonde la Mto Mara mashamba ya bangi yamefyekwa na kuchomwa moto mara nyingi, na kwamba wako ndugu zetu waliokwenda gerezani kwa ajili yake. Najua pia kwamba humu ukumbini wamo ambao ada yao ililipwa na gunia lililovuka mpaka usiku. Sisemi hayo kwa kuwacheka. Nasema tu kwamba jambo hili ni letu, na ni aibu kuwa na jambo letu wenyewe tusilolijua.

Mwaka 1978, nikiwa kidato cha tatu, alikuja mgeni mmoja kutuhutubia. Alituambia kwamba avutaye bangi hata mara moja atapata wazimu. Sasa, katika bweni letu alikuwako mwenzetu mmoja ambaye sote tulijua kwamba huvuta huko nyuma ya shamba la mahindi. Muhula ule alishika nafasi ya kwanza katika hesabu. Tulilinganisha maneno ya mgeni na matokeo yaliyobandikwa ubaoni, tukaamua kwamba mgeni ni mwongo. Na tulipokwisha kumwona mwongo katika hilo, hatukumwamini katika jambo jingine lolote. Muhula uliofuata wenzetu watatu wakaanza kuvuta. Mmoja wao, kijana mpole mwenye sauti nzuri ya kuimba, alianza kusikia watu wasiokuwapo wakimsema. Hakufanya mtihani wa kidato cha nne. Yule wa hesabu ni mzima hadi leo na ana wajukuu.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa miaka zaidi ya 40. Na hata hivyo mimi mwenyewe, mfamasia mwenye cheti ukutani, nilikuja kulirudia kosa la mgeni yule.

Mdogo wangu wa kike anaishi huku huku kwetu. Mwanawe wa tatu alianza kuanguka kifafa akiwa na umri wa miaka 4. Alipelekwa hospitali, akaandikiwa fenobabitali, vidonge vya zamani na vya bei nafuu. Kwa vidonge hivyo mtoto alikuwa akianguka mara moja au mbili kwa mwezi, badala ya kila baada ya siku chache. Jioni moja mwaka 2021 mama yake alinipigia simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

Akaniambia kwamba ameuziwa chupa ya mafuta. Mwuzaji anasema yanatokana na mmea uitwao hemp, yana kitu kiitwacho CBD, na kwamba yuko mtoto huko Marekani aliyepata nafuu ya kifafa kwa kitu hicho. "Kaka, wewe ndiye mwenye elimu ya dawa. Nimpe?"

Nilikuwa nimechoka. Nikamjibu kwa maneno matatu: "Bangi ni bangi." Kisha nikaongeza, "Itupe." Nikakata simu nikidhani nimemaliza wajibu wangu.

Mdogo wangu hakuitupa. Mwuzaji alikuwa amekaa naye nusu saa nzima, akampa majina na maelezo. Mimi nilimpa maneno matatu na hasira. Akaona kwamba kaka yake hajui habari hizi, na mwuzaji anazijua. Akaanza kumpa mtoto matone asubuhi na jioni. Na kwa kuwa mwuzaji alimwambia kwamba vidonge vya hospitali hupigana na mafuta yale, akaviacha siku ile ile. Siku ya tano mtoto alianguka, na mishtuko ikafuatana bila yeye kuzinduka. Alifikishwa hospitali muda mrefu ukiwa umekwisha kupita.

Nilifika usiku, nikakaa kando ya kitanda. Mama yake alifungua pindo la kitenge, akatoa ile chupa, akanikabidhi pasipo kusema neno. Nikavaa miwani nikasoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Ilisema nini, nitawaambieni baadaye kidogo, maana kwanza hapana budi tujifunze mambo machache, ndipo maneno yale yawe na maana kwenu.

Wataalamu huuita mmea huu Cannabis sativa. Bangi na hemp zote mbili ni mmea huo huo. Hapa nataka niondoe tatizo la lugha: katika baadhi ya kamusi, neno hilo la Kiingereza limetafsiriwa kuwa katani. Lakini sisi Watanzania tukisema katani twakusudia nyuzi za mkonge, mmea ulioletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ambao hauna undugu wowote na bangi. Kwa sababu hiyo leo nitatumia neno hemp kama lilivyo.

Ndani ya Cannabis sativa mna kemikali za pekee ziitwazo kanabinoidi. Zimekwisha kuhesabiwa zaidi ya 100. Hutengenezwa hasa katika vinyweleo vidogo vyenye utomvu, ambavyo huwa vingi zaidi kwenye maua ya mmea jike. Mbegu yenyewe haina vinyweleo hivyo. Nawaombeni mlishike hilo la mbegu.

Mmea hauanzi kwa kutengeneza kilevi. Huanza kwa kutengeneza asidi moja ambayo ni mama wa nyingine nyingi, iitwayo CBGA. Kisha vimeng'enya vya mmea huigeuza asidi hiyo kuwa vitu mbalimbali, kwa kadiri ya urithi wa mmea. Fikirini mama mwenye unga mmoja wa mtama. Akiukoroga na kuuchemsha hupata uji. Akiutia kimea na kuuacha hupata togwa. Akiendelea hupata pombe. Unga ni ule ule, lakini anywaye uji huenda shambani na anywaye pombe hulala njiani. Ndivyo ilivyo kwa mmea huu. Mmoja huelekeza karibu kila kitu kwenye THC, mwingine kwenye CBD, na mwingine hugawanya sawasawa. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wote wana majani yale yale ya vidole.

Hata katika bangi yenyewe, ua bichi lina asidi ya THC zaidi ya THC, na asidi hiyo hailevyi. Ni moto unaoiondolea sehemu moja, ambayo hutoka kama hewa ya ukaa, ndipo ikabaki THC kamili. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba alitafuna jani bichi asilewe, huenda hasemi uongo.

Sasa tuzitazame moja moja.

Ya kwanza ni THC, yaani tetrahidrokanabinoli. Hiki ndicho kilevi cha bangi. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga na kuieleza umbo lake mwaka 1964 huko Israeli. Molekuli yake ina atomi 21 za kaboni, 30 za hidrojeni na 2 za oksijeni. Ya pili ni CBD, yaani kanabidioli, nayo ina atomi 21 za kaboni, 30 za hidrojeni na 2 za oksijeni. Wanafunzi wa kemia wataniuliza: ikiwa hesabu ni ile ile, tofauti iko wapi? Iko katika mpangilio. Chukueni herufi nne: l, i, m, a. Mkizipanga hivyo mnapata lima. Mkizipanga vingine mnapata mali, na vingine tena mila, au lami. Hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa, lakini hakuna mtu atakayeyachanganya maneno hayo manne. Katika THC kuna pete moja ya atomi iliyofungwa. Katika CBD pete hiyo iko wazi.

Pete hiyo moja hubadili kila kitu. Ubongo wetu una vipokezi ambavyo wataalamu walivigundua mwaka 1988, wakaviita CB1. Mwili una kemikali zake wenyewe za kuvigusa. Mojawapo iligunduliwa mwaka 1992, ikaitwa anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. THC huingia katika vipokezi hivyo kama ufunguo wa kuazima. Navyo vimejaa katika sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu, zinazopima muda na zinazosawazisha mwili. Ndiyo maana mvutaji huisahau sentensi aliyoianza, huona dakika tano kuwa saa nzima, na hapaswi kushika usukani. CBD haiingii katika kitasa hicho namna hiyo, na hailevyi. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliichunguza mwaka 2018, nayo haikuona kwamba CBD iliyo safi humfanya mtu awe mtumwa wake.

Vijana, nisikilizeni kwa makini hapa, maana ndipo mgeni wa mwaka 1978 alipokosea. Si kweli kwamba kila avutaye hupata wazimu. Wengi hawapati. Lakini huko Sweden vijana 45,570 walioingia jeshini mwaka 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka 15, na matokeo yakatolewa mwaka 1987. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia jeshini walipata ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara 6 zaidi ya wale ambao hawakuvuta. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2019, uliofanywa katika miji kadhaa ya Ulaya na Brazili, ulionyesha kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC nyingi wamo katika hatari karibu mara 5 zaidi. Ubongo wa kijana bado unajengwa, nao hujengwa hadi umri wa miaka ishirini na kitu. Hakuna mwalimu awezaye kutazama mabweni akajua nani ni yule wa hesabu na nani ni yule mpole mwenye sauti nzuri. Wala nyinyi wenyewe hamwezi kujua.

Na bangi ya leo si ile ya zamani. Huko Marekani, THC katika bangi iliyokamatwa na serikali ilikuwa wastani wa asilimia 4 mwaka 1995; mwaka 2014 ilifika asilimia 12. Hiyo mnayoisikia ikiitwa skanka ni ya jamii hiyo iliyochaguliwa kwa wingi wa kilevi. Mtu anayewaambieni kwamba babu alivuta miaka yote akafa mzee, anawalinganisheni na babu aliyekunywa togwa, ilhali nyinyi mnapewa gongo.

Nirudi kwenye CBD. Yule mtoto wa Marekani alikuwako kweli. Aliitwa Charlotte Figi, na habari zake zilienea duniani mwaka 2013. Alikuwa na kifafa kigumu cha utotoni kiitwacho Dravet. Lakini madaktari hawakuishia kwenye habari za mtoto mmoja. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya watoto na vijana 120 wenye ugonjwa huo. Waliopewa CBD mishtuko yao ilipungua kutoka wastani wa 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Waliopewa kimiminika kisicho na dawa walitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Mwaka uliofuata, Juni 2018, dawa yenyewe, Epidiolex, iliidhinishwa nchini Marekani.

Kwa hiyo mwuzaji alisema kweli? Alisema robo ya kweli, na robo hiyo ndiyo iliyomponza mdogo wangu. Tazameni robo tatu alizozificha. Kwanza, wale watoto hawakuachishwa dawa zao. CBD iliongezwa juu ya dawa walizokuwa wakitumia. Pili, kipimo kilikuwa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 20 alihitaji miligramu 400 kila siku. Dawa iliyoidhinishwa ina miligramu 100 katika kila mililita, kwa hiyo mtoto huyo angemeza mililita 4. Chupa nyingi za madukani zina miligramu mia chache chupa nzima. Mtoto angeimaliza kwa siku moja asipate kipimo. Tatu, CBD si maji ya kisima. Huleta usingizi na kuharisha, huweza kuamsha matatizo ya ini, na hubadili kiasi cha dawa nyingine mwilini, zikiwamo dawa za kifafa. Ndiyo maana hutolewa chini ya macho ya daktari, kwa kupima damu.

Ya tatu ni CBN, kanabinoli. Hii mmea hauitengenezi moja kwa moja. Ni THC iliyozeeka. Bangi iliyokaa muda mrefu katika hewa na mwanga, THC yake hupoteza atomi 4 za hidrojeni ikageuka kuwa CBN, ambayo nguvu yake ya kulevya ni ndogo sana. Wazungu wa karne ya 19 waliipata hii kabla ya nyingine, bila shaka kwa sababu mizigo yao ilikuwa imekaa. Siku hizi huuzwa kama dawa ya usingizi, lakini ushahidi wa jambo hilo ni mdogo.

Ya nne ni CBG, inayotokana na ile asidi mama. Kwa kuwa mama hugeuzwa karibu wote kuwa watoto, CBG hubaki kidogo katika ua lililokomaa. Ya tano ni CBC, ambayo nayo ina zile zile atomi 21, 30 na 2. Hili ndilo neno letu la tatu, mila. Zote mbili hazilevyi. Sifa nyingi zinazotajwa juu yake zimetokana na majaribio ya chupa za maabara na panya. Panya si mpwa wangu.

Ya sita ni THCV, ndugu ya THC mwenye mkia uliopungua atomi 2 za kaboni. Hupatikana zaidi katika baadhi ya mbegu za Afrika, hasa za kusini. Kwa kiasi kidogo huziba vile vipokezi badala ya kuvifungua. Kwa kiasi kikubwa huvifungua. Mwone jinsi ambavyo hata kitu kimoja hubadilika kwa kipimo.

Ya saba, na hii ndiyo ya hila, ni delta-8. THC ya kawaida huitwa delta-9. Delta-8 ina atomi zile zile, ila kifungo kimoja kimesogea mahali. Katika mmea huwamo kidogo sana. Lakini mtu akichukua CBD ya hemp akaitia asidi katika karakana, ile pete iliyokuwa wazi hufungwa, akapata delta-8. Nayo hulevya, ingawa kwa nguvu pungufu, na mabaki ya kemikali za karakana huweza kubaki humo. Bidhaa za namna hiyo zilienea Marekani baada ya sheria ya mwaka 2018, zikiandikwa hemp juu yake. Kijana aliyeambiwa kwamba hemp hailevyi akala peremende hiyo, atashangaa mwenyewe.

Basi hemp ni nini? Mwaka 1976 wataalamu wawili wa mimea, Ernest Small na Arthur Cronquist, walihitaji mstari wa kutenganisha mmea wa nyuzi na mmea wa kilevi. Wakachagua THC asilimia 0.3 ya uzito mkavu, na wakakiri kwamba mstari huo ni wa kuchagua tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliuchukua mstari huo huo. Asilimia 0.3 ni gramu 3 katika kila kilo. Mmea wenye gramu 2 ni hemp, wenye gramu 4 ni bangi, na hakuna jicho la mkulima wala la askari liwezalo kuona tofauti hiyo. Maabara tu.

Sasa nirudi kitandani kwa mpwa wangu. Ile karatasi juu ya chupa ilisema: mafuta ya mbegu za Cannabis sativa. Mbegu, ndugu zangu. Mbegu isiyo na vinyweleo. Mafuta ya mbegu hizo hukamuliwa kama ya alizeti au ya ufuta, ni chakula kizuri, hutiwa katika kachumbari. Hayana CBD ya kutajwa wala THC ya kutajwa. Mimi nilisema ni bangi, na hayakuwa bangi. Mwuzaji alisema ni CBD, na hayakuwa CBD. Mtoto aliachishwa dawa yake akapewa mafuta ya kula. Hakikumdhuru kilichomo katika chupa. Kilimdhuru kilichoondolewa, maana vidonge vile vikikatwa ghafula kifafa hurudi kwa nguvu kuliko kwanza.

Laiti ningalimwambia mdogo wangu, "Nisomee maandishi yote ya chupa, polepole." Ingalichukua dakika mbili. Ningalisikia neno mbegu, nikamwambia, "Usiviache vidonge, nami kesho nitazungumza na daktari wake." Yule mtoto alizinduka siku ya tatu. Yu hai, anasoma, amerudi kwenye vidonge vyake. Lakini mkono wake wa kushoto haujapata nguvu zote, naye huniita mjomba kwa furaha kila nifikapo, na kila aniitapo hivyo mimi huutazama ule mkono.

Ndugu Mwenyekiti, nisije nikaeleweka vibaya. Sikuja kuitetea bangi. Sheria yetu ya mwaka 2015 pamoja na marekebisho yake ina vifungo vya miaka 30, na kwa makosa makubwa hata maisha. Najua kwamba Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi katika orodha ya ukali wa juu kabisa, kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini ilibaki katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Najua kwamba Malawi ilitunga sheria yake ya kilimo chenye leseni mwaka 2020, na Rwanda iliweka utaratibu wake mwaka 2021. Watu huniuliza, "Je, nasi Tarime tusilime hemp?" Nawajibu hivi: mbegu zetu za kienyeji, kama nyingi za Afrika, ni za THC. Chavua ya mmea huu husafiri kwa upepo kutoka shamba hadi shamba na kuharibu mbegu za jirani. Kilimo hicho huhitaji mbegu zilizothibitishwa, maabara, na kwanza kabisa ruhusa ya sheria. Anayetaka jambo hilo alipeleke kwa wawakilishi wake akiwa na hoja na vipimo. Anayepanda leo kwa kusikia kwamba "siku hizi ni dawa" atafungwa kwa mmea ule ule uliomfunga baba yake.

Kwenu wazazi na walimu, ombi langu ni moja. Mtoto akikuuliza juu ya vitu hivi, usimjibu kwa maneno matatu. Kama hujui, sema hujui, kisha mtafute anayejua. Tukitia chumvi katika onyo, siku atakapoigundua chumvi hiyo atalitupa onyo lote.

Kwenu wanafunzi, naacha maswali matatu ya kuuliza kila mara mtu akileteeni chupa, peremende, unga au jani na kusema ni salama au ni dawa. Ni kitu gani hasa kilichomo? Ni kiasi gani? Nani amepima? Asipoweza kuyajibu yote matatu, huyo anauza jina tu. Na dawa aliyokuandikia daktari usiiache kwa neno la mtu yeyote, hata akiwa kaka yako.

Nimemkabidhi mwalimu wa kemia chati niliyoichora mwenyewe, yenye molekuli za THC, CBD, CBC na delta-8, na chini ya kila moja nimeandika neno lake: lima, mali, mila, lami. Naomba ibandikwe katika maabara. Yule mwenzetu mwenye sauti nzuri alikuwa akikaa karibu na dirisha la maabara hiyo. Ningefurahi ikibandikwa hapo.